Mkono Uliofungwa Kitambaa cha Kijani

Dunda, Bagamoyo
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na wote walioketi hapo ukumbini wakingoja kusikia nimeandika nini, assalaam aleikum. Goti limeanza kukunjika? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haukai. Tangu nianze barua hii nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza alikuja mteja wa picha za pasipoti, mara ya pili umeme ulikatika, mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote, nimeinuka tu nikaenda kusimama mlangoni kutazama bodaboda zinavyopita.

Mwajuma, najua ndiye wewe unayesoma kwa sauti. Nakuomba mdogo wangu usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika pale penye aibu. Mama atajua umeruka.

Mama, uliniagiza karatasi. Ulisema shehe wa hapo nyumbani anataka uwakala wa maandishi, wenye sahihi yangu na mashahidi wawili, ili Baba mdogo Yusufu amuozeshe Mwajuma kwa niaba yangu Ijumaa ya wiki ijayo, maana Baba, Mungu amrehemu, hayupo, na walii ni mimi. Nimekaa kuiandika karatasi hiyo tangu juzi. Kabla hatujaifikia, nivumilie nikueleze habari ya kamera, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Unamjua Bi Salma, mwenye studio, nimekutajia mara nyingi. Waarabu wa hapa hapa, babu yake aliuza vitambaa, na yeye vitambaa vimemkaa damuni. Mwezi uliopita alipata kazi kubwa. Madrasa moja ya Kerege wanataka video ya kaswida, watoto waonekane wamesimama mbele ya misikiti ya mbali na bustani zenye maji, na wao hawatatoka Kerege. Kazi hiyo hufanywa kwa pazia la kijani. Unamsimamisha mtu mbele ya kitambaa cha kijani kitupu, unampiga video, kisha kwenye kompyuta unakiondoa kile kijani chote na kuweka nyuma yake unachotaka. Chochote chenye rangi ile kinaondoka. Sasa bahati yetu, sare za watoto wa madrasa ni za kijani! Tungewapiga hivyo tungebaki na vichwa vinavyoimba. Bi Salma akacheka mpaka akatoka machozi, akaenda kukata kitambaa cha buluu kwa ajili yao.

Kamera ya zamani ya studio haikuweza kazi hiyo, ikiukata mwili inaacha ukingo kama umeng'atwa na panya. Bi Salma akanipa pesa, si nyingi, akaniambia, "Rajabu, nenda Kariakoo. Ukirudi na kamera nzuri, kazi ya Kerege utapiga wewe." Mama, miaka mitatu nimebeba taa na kupiga pasipoti. Nilirudia maneno hayo njia nzima hadi Dar.

Kariakoo kila muuzaji anakutajia 4K, maana yake picha ina vitone vingi, ukiikuza haivunjiki. Lakini vitone si kila kitu. Kamera nyingi za bei nafuu zinaandika mwanga wote vizuri, halafu rangi zinazibana ili zisijaze kadi. Kwenye sherehe ya kawaida huoni kasoro. Kwenye pazia la kijani utalia, kwa sababu ni rangi ndiyo inayoiambia kompyuta hapa mtu anaishia na pazia linaanzia. Kwa hiyo nilikwenda na mtego wangu mfukoni: kipande cha kitambaa cha kijani na shela ya bibi harusi, ile nyepesi ya kuona upande wa pili. Na nikatafuta muuzaji mwenye ndevu, maana nywele ndizo ngumu kukata.

Duka la kwanza waliniuzia maneno, nikatoka. La pili walikuwa na kamera kubwa iliyotumika Ulaya, bei ya huruma, lakini nilipoielekeza lenzi kwenye mwanga nikaona utando wa ukungu ndani kama ule wa mkate uliolala. Hapa pwani ukungu wa lenzi haurudi nyuma, unakula tu. Duka la tatu nikampata mzee mwenye ndevu za kushiba. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba uvae hii shela nikupige kidogo." Akanitazama kutoka chini hadi juu. "Marahaba. Kijana, umekuja kununua kamera au umekuja kuniposa?" Duka zima wakaangua kicheko. Lakini akaivaa! Kijani nyuma, shela juu ya ndevu, nikampiga kwa kamera tatu, nikahamishia kwenye kompyuta yake nikakata pale pale. Mpya yenye namba kubwa kuliko zote ikamfanya aonekane amechovywa kwenye mchicha. Iliyomtoa safi, unywele kwa unywele, ilikuwa ya mkono wa pili, mbavu zimechubuka, toleo ambalo vijana hawalitaki tena, kwa nusu ya bei ya mpya. Nikaichukua bila lenzi, kwa sababu lenzi ya Bi Salma inaiingia. Niliipakata hadi Bagamoyo.

Sasa tunafika kwa Mwajuma. Usiruke.

Ulinipigia, Mwajuma, ukiwa umejifungia chumbani, ukaniambia mawifi zako watarajiwa wanasema nyumba yetu haina mwanamume, kaka mtu ameona kwao mbali. Ukaniuliza ile kamera mpya ikinikata vizuri, nikiwekwa kwenye mkeka wa ukumbini kwetu kwenye video ya harusi, nani atajua sikuwepo? Nami badala ya kukukanya nikafurahi. Niliona ni dawa ya wote. Baba mdogo aozeshe kwa uwakala, video inioneshe mimi, na mimi mwenyewe nibaki nipige kazi ya Kerege, kwa sababu iliangukia Ijumaa hiyo hiyo. Ukanitumia video ya Haruna, mchumba wako, amekaa mkekani, mkono wa kuume ameunyoosha mbele, anamngoja shemeji ambaye hayupo. Nikavaa kanzu na kofia ya Baba.

Tulipiga Jumapili. Mara ya kwanza nilipojiweka karibu na Haruna, nilikuwa safi, Mama, hata tarizi ya kofia ilihesabika. Bi Salma akaweka miwani, akatazama, akasema, "Uso mzuri. Lakini mkono wako haujashika kitu." Kweli. Shemeji mtu huozeshwa mkono ndani ya mkono, na wangu ulikuwa unapapasa hewa juu ya mkono wa Haruna kama mtu anayetafuta swichi. Nikarudia mara nne, haukuwa na uzito.

Ndipo nikajiona mjanja. Nikamwita Chande, mwenzangu wa taa, nikamfunga mkono kwa kitambaa cha kijani kuanzia vidole hadi begani. Nikamwambia, wewe kaa nje ya picha, nipe mkono tu, nikukamate hasa. Kompyuta itaula mkono wako, utabaki wangu ulioshika. Chande akakaa. Nikamkamata, nikavuta pumzi, nikasema maneno yote kama alivyokuwa akiyasema Baba alipowaozesha dada zake: "Haruna bin Selemani, nimekuoza dada yangu Mwajuma binti Athumani kwa mahari mliyoafikiana." Na sauti ilinitoka ya kweli, Mama.

Yule mpumbavu akajibu, "Nimekubali kumuoa!"

Bi Salma aliangusha kikombe. "Astaghfirullah! Chande! Ndoa haina mzaha, mzaha wake ni kweli!" Mteja wa pasipoti aliyekuwa akisubiri akasimama, akasema yeye hataki kuwa shahidi wa jambo lolote, akaondoka bila picha zake. Chande alikuwa anacheka, kisha akaacha. Tulitazamana tumeshikana mikono, wake wa kijani, na hakuna aliyethubutu kuachia kwanza. Nimemuoza mdogo wangu kwa Chande! Kijana mwema, simsemi vibaya, lakini soksi zake hazijawahi kuwa jozi.

Hatukungoja. Tulikwenda kwa shehe, hatua kumi na tano tu kutoka studio, Chande bado ana kitambaa mkononi maana fundo lilikataa. Shehe alikuwa anakunywa uji. Akatusikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulimtaja nani?" akaniuliza.

"Haruna, shehe."

"Huyu ni Haruna?"

"Huyu ni Chande."

"Haruna amemtuma huyu ampokelee?"

"Hata hawajuani."

"Mashahidi?"

"Bi Salma, na mtu wa pasipoti aliyekimbia."

Akarudisha kijiko kwenye bakuli. "Basi hapana ndoa hapo, nendeni salama. Na wewe Chande, ulimi huo ufunge kamba." Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimeshainuka nende zangu aliponiita. "Keti. Huyo dada yako ana walii?"

"Ndiye mimi, shehe."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Mwenye kazi amekukatalia ruhusa?"

Bi Salma alikuwa amesimama mlangoni, ametufuata na mtandio wake. Mama, hapa ndipo pa aibu. Mimi nilikuambia kwenye simu, mara mbili, kwamba Bi Salma amekataa kuniachia. Bi Salma hajakataa. Sijamwomba. Niliogopa nikimwomba atasema nenda, na akisema nenda Kerege itapigwa na mtu mwingine. Ndiyo maana nakuandikia hata haya ambayo ningeweza kuyasema kwa simu, kwa sababu kwenye simu nimeshazoea kukudanganya, sauti yangu inaijua njia.

Nikasema, "Hajanikatalia, shehe. Sikumwomba." Nilisema nikitazama bakuli la uji. Bi Salma alitangulia kurudi studio. Akafagia vigae vya kikombe mwenyewe, kisha akaniambia, "Umenifanya mtu mbaya kwa mama yako, mwanamke sijapata kumwona hata siku moja." Nikamwomba radhi. Nikamwomba na ruhusa. Akanipa palepale, halafu akaongeza, kwa kuwa hajui kuzungusha maneno, "Lakini Ijumaa Kerege atapiga Chande. Na akiiweza, kamera itabaki mikononi mwake. Siwezi kukuahidi nisichoweza kukitimiza." Nikasema naelewa. Sikuelewa, niliumia, na bado naumia. Jana nimeshinda nikimfundisha Chande kamera niliyoitafuta mimi: taa za pazia ziwe mbali na taa za mtoto, kitambaa kipigwe pasi kisiwe na kunyanzi, watoto wasimame hatua mbili mbele ili buluu isiwarukie mashavuni. Anajifunza haraka, mshenzi. Nilitamani awe mzito.

Video yangu na Haruna nimeifuta. Niliitazama mara ya mwisho kabla sijaifuta, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa nzuri. Mkono ulishika. Ingepita. Watoto wako, Mwajuma, wangeonyeshwa siku moja wakaambiwa huyu ndiye mjomba aliyemuoza mama yenu, na mimi ningekaa hapo nikinywa chai nikiitikia.

Kwa hiyo Mama, ukiikung'uta bahasha hii usitafute karatasi nyingine. Uwakala sijaandika. Barua naipeleka kesho Msata, atapita Mzee Kasimu, jirani yetu, na lori la saruji kutoka Tanga, ameahidi kuifikisha mkononi mwako. Mimi naondoka Jumapili baada ya alfajiri. Tafadhali usimwambie mtu yeyote wa upande wa Haruna. Waache waseme hadi Ijumaa.

Nisalimie Baba mdogo Yusufu, mwambie asikasirike, nitamhitaji akae ubavuni pangu maana naweza kusahau maneno. Salamu kwa Shangazi Zainabu anayepika mawese yasiyo na mfano, huku kila kitu ni nazi hadi nimeisahau rangi ya chakula chetu. Salamu kwa Bibi mzaa baba kama bado anauliza mimi ni yupi kati ya wajukuu, na kwa majirani wa kisimani, wa kulia na wa kushoto, nisije nikasababisha ugomvi. Chande anakusalimu, ameomba msamaha kwako na kwa bibi harusi, ameandika jina lake hapo pembeni kwa kalamu nyekundu ili lisomeke.

Haruna nitamsalimu mwenyewe. Nitamkamata mkono nisimwachie upesi.

Ni mimi mwanao,
Rajabu Athumani,
walii wa Mwajuma