Mstari Usio na Mtu

Kibuli, Kampala
Jumapili, baada ya misa

Kwako Yaya Blandine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto wote wa nyumba. Mguu wa mama unaendeleaje? Anaupaka ile dawa, au anaificha chini ya godoro kama kawaida yake? Mwambie nimeuliza, na mwambie sijasahau tabia zake. Mimi huku ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Ya moyoni utayasoma mbele.

Usishangae kupata karatasi zama hizi za simu. Victoire, jirani yangu anayeuza vitenge, anapanda basi kuja Bukavu, na ndiye atakayekuletea. Kwenye simu hunikatiza. Nikianza tu kusema, unaniuliza nimekula nini na nitaolewa lini, mara salio limekwisha. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho, na ukitaka kugomba, igombeze karatasi.

Uliwahi kuniuliza ninafundisha nini hasa, nikakujibu kompyuta, ukarudi kwenye habari za ndoa. Sasa nikueleze vizuri. Kituo chetu ni vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la magodoro, karibu na msikiti mkubwa. Mwenye kituo ni Augustin, Mkongomani mwenzetu wa Uvira, mtu mwema lakini mwenye haraka. Chumba kimoja ni cha Ochan, kijana wa Gulu, anayefundisha kuandika programu kwa njia wanayoijua wengi: unaiamuru mashine ifanye hili, kisha lile, kisha irudie. Chumba cha pili ni changu. Unanijua na hisabati zangu. Niliomba nipewe watu wasiojua kitu kabisa, niwaanzishe na lugha ya aina nyingine, ile inayoandikwa kwa fomula. Kwangu hakuna kuamuru. Unaieleza mashine kitu ni nini, basi, na jibu inalitafuta yenyewe. Ukishasema x ni tano, x itabaki tano. Kwa Ochan wanaandika kwamba x ni x kuongeza moja, na hakuna anayeona haya. Mtoto angeniandikia hivyo pale shuleni kwetu nilikofundisha ningempiga sifuri. Mpaka leo naamini mtu anayeanza asilazimishwe kusahau hesabu alizokuja nazo.

Mwanzoni mabenchi yalijaa. Majuma ya kwanza hatukugusa hata mashine. Tulikuwa tunaandika fomula ubaoni, na kila mtu kwa zamu anaisoma kwa sauti, anaondoa jina na kuweka maana yake, mstari kwa mstari, mpaka inabaki namba peke yake. Walikuwa wanabishana, wanasahihishana, wanacheka. Nilipenda kile chumba, yaya. Halafu wakaanza kuhama. Rajab, fundi simu wa soko la Owino, aliniaga kwa adabu kabisa, akasema wenzake kwa Ochan wameshatengeneza vitufe vya rangi vinavyobonyezeka, na yeye bado anasoma fomula kama mtoto wa chekechea. Wengine hawakuaga. Ilipofika Pasaka nilikuwa nimebaki na mwanafunzi mmoja, anayekuja Jumamosi tu. Augustin akaniita, akaniambia bila kuzunguka kwamba huyo mmoja akimaliza, chumba kinakwenda kwa Ochan, na kuhusu mimi, tutaangalia.

Hapo nikueleze kitu ambacho kwenye simu nakuficha. Nikikwambia nina marafiki wengi Kampala, sina. Kiganda changu ni cha kununulia nyanya tu. Nikienda soko la Nakasero nikaongea Kiswahili, muuzaji ananitazama kama niliyekuja kumkamata, maana watu wengi huku Kiswahili wamekisikia kwa askari. Wakongomani wenzangu nakutana nao kanisani, tunapeana mikono, kila mtu anakimbilia watoto wake. Victoire mwenyewe huwa safarini karibu mwezi mzima. Kuna Ijumaa nalala nikiwa sijasema neno tangu asubuhi, na sauti yangu naisikia tena Jumamosi darasani, inakwaruza.

Basi huyo mwanafunzi wangu wa Jumamosi ni Mama Lamwaka. Ni Mwacholi wa kaskazini, polisi mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Baada ya kustaafu alichukuliwa na kampuni ya ulinzi, wakamweka langoni kwenye jengo moja la ofisi kule Nakasero, kusimama kutwa, naye magoti yamekwisha. Kampuni ilimwahidi kwamba akipata cheti cha kompyuta atahamia ndani, kwenye kiti, apange zamu za walinzi. Hilo ndilo lililomleta. Alitaka kukaa.

Siku ya kwanza aliitazama mashine, akaniuliza, "Mwalimu, hii iko na cheo gani? Kama mimi ndio mkubwa yake, kwa nini hapana kuamrisha?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alinieleza kwamba Kiswahili alifundishwa depo, kwenye mafunzo ya polisi, ni cha kusimama, kugeuka na kukimbia, na katika maisha yake yote hajawahi kumbembeleza mtu kwa lugha hiyo. Mimi nikamwambia kwetu mama ametubembelezea hicho hicho Kiswahili tangu utotoni. Hakuniamini. Ikabidi nimwimbie.

Tukawa hivyo kila Jumamosi. Anatoka kwenye lindo, anakuja na viazi vitamu vya kuchemsha na odii, ile rojo yao ya karanga na ufuta, tunakula kwanza, ndipo tunasoma. Ananiuliza habari zako na za mama kwa majina. Nikikohoa, Jumamosi inayofuata ananiletea tangawizi. Hakuna mtu mwingine katika mji huu anayejua kwamba napenda kiazi kilichoungua kidogo pembeni.

Sasa sikiliza somo lenyewe, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Nilimpa kazi ya mwisho, ile ya kupatia cheti: aandike fomula ya kuhesabu walinzi waliopangwa kwenye kila lindo. Katika lugha yetu hesabu hiyo inaelezwa hivi. Mstari ukiwa hauna mtu, idadi ni sifuri. Ukiwa na mtu, idadi ni moja kuongeza idadi ya walio nyuma yake. Basi, inajitosheleza. Mama Lamwaka alishika mara moja hilo la mtu na walio nyuma yake, kwa sababu ndivyo wanavyohesabiana kwenye gwaride: kila mmoja anaitika, na wa mwisho anapaza sauti kwamba yeye ndiye mwisho. Lakini hapo hapo alikosea, kosa ambalo nadhani ni polisi tu anayeweza kulifanya. Yeye hakuandika mstari usio na mtu. Aliishia kwa yule wa mwisho: akibaki mtu mmoja, idadi ni moja. Nilipomuuliza mwanzoni, kabla hata hajaijaribu fomula yake, kama hakuna hata mtu mmoja je, alinishangaa. Akasema gwaride bila mtu si gwaride, nani atapiga saluti?

Fomula yake ilihesabu vizuri malindo yote, ila lile la sikukuu, ofisi ikiwa imefungwa na hakuna aliyepangwa. Hapo mashine iligoma. Nililiona kosa siku ile ile, yaya, palepale, kabla hajamaliza kufuta miwani. Lilihitaji mstari mmoja tu. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikakumbuka maneno ya Augustin, kwamba huyu akimaliza chumba kimekwisha. Nikasema, "Umejitahidi sana, mama. Bado kidogo. Njoo Jumamosi."

Akaja Jumamosi. Nikampa zoezi la kugeuza orodha, baadaye la kupanga majina, mambo mazuri lakini ambayo cheti hakiyahitaji. Kila mara alirudi kwenye ile kazi ya mwisho, akatafuta kosa mahali ambapo halipo, akabadilisha vilivyo sahihi, akanitazama. Aliniuliza wazi amekosea wapi. Nikamwambia atafute mwenyewe, ndiyo njia ya kujifunza. Hata kwa Augustin, aliponiuliza kama yule mama yuko tayari, maana kampuni yake imeweka siku ya mwisho, nilisema bado. Siku ikapita. Kiti akapewa msichana aliyetoka darasa la Ochan.

Nilidhani ataacha kuja. Jumamosi ile alikuja kama kawaida, akaweka viazi mezani, akasema si neno, kichwa chake ni kizito, na mwalimu amevumilia sana. Akanishukuru. Yaya, nilikula kile kiazi. Nilikula chote, huku namtazama anavyokaa kwa kushika meza kwa mikono miwili, magoti yakimuuma, na moyoni nilifurahi kwamba amekuja. Hiyo ndiyo sehemu inayoniogopesha. Kwanza nilifurahi, aibu ilikuja nyuma.

Nilikaa na aibu hiyo juma zima. Jumamosi iliyofuata sikumngoja hata afungue mfuko wake. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili chepesi, bila kuongeza maneno ya kujitetea. Nilimwonyesha mahali penyewe. Nikamwambia nilijua tangu siku ya kwanza, na kwamba nilimzuia kwa sababu sina mtu mwingine wa kukaa naye.

Alivuta kibodi, akaandika ule mstari kwa kidole kimoja, taratibu, akaipa mashine lile lindo la sikukuu. Ikajibu sifuri. Akaitazama ile sifuri muda mrefu. Nikaenda kumwita Augustin, nikamwambia mama amefaulu, na nikamweleza pia ya kwangu. Augustin aliandika cheti akiwa amesimama, bila kunitazama. Mama Lamwaka alikipokea, akakiweka kwenye mfuko wa shati la kazi, akafunga kifungo. Mlangoni akageuka. Nilingoja ile sauti yake ya gwarideni. Alisema polepole kabisa:

"Mwalimu, ungesema tu. Mimi ningekuja hata bila masomo."

Akashuka ngazi, anashusha mguu mmoja, anangoja wa pili.

Jana ilikuwa Jumamosi. Chumba sasa ni cha Ochan, kuna vijana wengi na vitufe vyao, na Augustin amenipa kazi ya kuandikisha wanaoingia mpaka mwisho wa mwezi. Nilikaa kwenye ngazi mpaka adhana ya jioni. Hakuja. Najua anapokaa, kule Namuwongo, karibu na reli. Leo baada ya misa nilikwenda mpaka kwenye uchochoro wake, nikamwona kwa mbali anaanika sare, nikarudi. Maneno yake sijayaelewa mpaka sasa. Sijui alikuwa ananikaribisha au ananiaga.

Nisalimie mama, mpake dawa wewe mwenyewe usimwachie. Wabusu watoto, na uwaambie wanakwaya wa parokia kwamba mwenzao bado anaimba sauti ya pili, hata akiwa peke yake. Vitenge viwili anavyokuja navyo Victoire ni vyenu, cha bluu ni cha mama, msigombane. Mungu awalinde na yote ya huko.

Jibu lako mpe Victoire akirudi. Usinitie moyo, yaya, na usiniombee kwanza. Niambie jambo moja tu. Kama ungekuwa wewe umesimama langoni kwa magoti hayo kwa sababu yangu, na ukanisikia nabisha hodi, ungenifungulia?

Mdogo wako anayekupenda,
Perpétue