Usiuze Ile Ampli

Papa Reine,

Papa Cédrick akikuja kuchukua ampli yako ya kaske, ile ya kusikilizia muziki masikioni, ~~mwambie muke wangu amekataa~~ mwambie hauuzi tena. Ndagala ziko chini ya sahani.

Asubuhi ulivaa kaske ukapiga kelele: "Sauti ya kushoto ilikuwa imekufa, sasa umeua na ya kuume!" Ukaenda bila chai. Mbele ya mama yako, tena. Iliniuma.

Kwani haukusikia kama kushoto kumerudi kuimba? Jana nilihamisha zile lampe mbili za kioo za ndani ya ampli, zenye kukuza sauti: ya kushoto nikaiweka kuume, ya kuume kushoto. Njo vile tulifundishwa kwa masomo ya jioni ya ufundi wa redio. Ubovu ukihama pamoja na lampe, basi ni lampe tu imekufa. Na umehama! Ampli ni nzima. Ule mupango wako wa kukata waya na kuziunga upya, uache. Na usizishike lampe zikiwaka, zinaunguza.

Nimemubeba Reine, tunaenda kwa Shangazi Jeannette. Redio yake ya zamani, ile haisemi tena, iko na lampe ya namba ileile. Amekubali niitoe.

Nikirudi nitaiweka mimi mwenyewe. Wewe utanishikia torshi.

Mama Reine