Kifuko cha Simu kwenye Kitambaa cha Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijawehuka, maana nina jambo ambalo hata mume wangu sijamweleza lote. Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi mikono yetu haina nafasi ya kushika simu, kwa hiyo huwa tunaichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa, inabana sikioni, unapima, unakata na unaongea na mteja kwa wakati mmoja. Mama yangu anaishi na kaka yangu, safari ya siku nzima kutoka kwangu, na miaka miwili iliyopita alitoka kliniki kuchukua dawa zake za presha akapotea wakati wa kurudi, njia aliyoipita miaka thelathini, akakutwa jioni amekaa kwenye ngazi za benki, ndipo nikasema huyu mama hawezi kukaa bila simu, nikamnunulia moja ndogo ya batani, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kazi muda wote, kama si kuchambua maharage ni kufua, nikamshonea kitambaa cha kichwa chenye kifuko palepale sikioni, nikakipiga mishono miwili kisifumuke, nikajisifu kweli kweli.

Tangu hapo kila saa mbili asubuhi nampigia, mimi nikishona yeye akifua, mara nyingine hatusemi neno, nasikia tu maji ya beseni. Lakini hali yake imezidi kuwa mbaya, anatia chumvi mara tatu, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki, na sasa mteja mmoja akanisikilizisha sauti inayozunguka kwenye magrupu, mtu anasema mionzi ya simu inapika ubongo taratibu, hasa wa wazee, hasa ikikaa sikioni muda mrefu. Mshauri, mkasi ulinidondoka. Nilimpigia kaka nikamwambia amnyang'anye mama simu siku ileile, aizime, aifungie kabatini, na sikumwambia sababu, nilishindwa kutamka kwamba ubongo wa mama nimeuunguza mimi, kwa mkono wangu na uzi wangu.

Wiki tano sasa sijaongea naye. Kaka anasema kila asubuhi mama anavaa kile kitambaa, anakaa uani na beseni lake, anaongea na kifuko kitupu, na wifi anaona aibu kwa majirani. Silali. Jana nimekata mikono ya gauni la bibi harusi, yote miwili ya kushoto, nikajua na mimi naelekea kulekule. Je, ubongo wake unaweza kupona? Na atanisamehe?

Ni mimi, fundi niliyeharibu.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, weka mkasi chini kwanza tuongee.

Pole sana, na pole ya kweli. Hofu ya kumdhuru mzazi inaweza kumvuruga yeyote, na mtu asiyempenda mama yake hakai kupiga mishono miwili kwenye kifuko.

Lakini barua yako umeiandika bila kuisoma. Mama alipotea njia, ndipo ukamnunulia simu. Umesema mwenyewe. Usahaulifu ulishaingia nyumbani wakati simu ingali dukani, na ndio uliokutuma kwenda kuinunua. Wewe kitambaa cha mteja hukigusi kwa mkasi kabla ya kukipima, ila hapa ulikata kwanza.

Mimi si daktari, kwa hiyo nilimuuliza daktari wa magonjwa ya ubongo. Anasema mionzi ya simu ni hafifu, si kama ile ya eksirei, imechunguzwa kwa miaka mingi na haijathibitika kwamba inaleta usahaulifu wa uzeeni. Uchunguzi bado unaendelea, na anayetaka tahadhari aiweke simu mbali na kichwa, atumie spika. Huyo wa kwenye grupu, jina lake hata hukuliuliza.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulijishtaki, ukajihukumu, halafu aliyefungwa ni mama. Mtu wa hali yake anahitaji sauti anazozizoea, na yako ndiyo uliyomnyima.

Leo hii mpigie kaka umweleze yote, uone kama hatashusha pumzi. Amtolee mama simu kabatini, ampeleke hospitali, aseme wazi kwamba kumbukumbu inapotea, apimwe damu na masikio, na dawa zake zote zibebwe zikaangaliwe. Yapo matatizo ya kumbukumbu yanayotibika na yapo ya kutunzwa tu. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi kama zamani. Mshonee aproni yenye mfuko kifuani, simu ikae humo kwa spika. Kile kitambaa usikifumue, mwachie avae. Na wewe lala, kwa sababu fundi ambaye hajalala wiki tano atakata mikono ya kushoto hata bila simu. Bibi harusi muombe radhi, kata mkono mwingine.

Unauliza kama mama atakusamehe. Fundi, kila siku saa mbili anavaa kitambaa ulichomshonea na kukaa uani kukungoja. Kesho saa mbili mpigie. Akikuita kwa jina la dada yake, itika.