Uwanja wa Gudele Usio na Mwenyewe

Jumamosi, 7 Februari 2015
Kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha suruali yangu ya kijivu. Imefariki leo jioni uwanjani, kipindi cha pili, katika mechi ya wazee ya kila Jumamosi. Nilikuwa refa. Marehemu ameacha mjane mmoja, mkanda wa ngozi. Poni, mke wangu, amekataa kuishona. Anasema kitambi changu ndicho kilichoiua. Uongo. Nilijikwaa.

Nilijikwaa kwenye kigingi cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu. Wiki iliyopita hakikuwapo. Tukazunguka, tukakuta vingine, kila pembe kimoja. Mtu amepima uwanja wetu. Mechi haikuisha.

Jumatatu, 9 Februari
Ofisi ya ardhi. Asubuhi nzima kwenye benchi. Mwaka wa uhuru, mtaa wetu huu wa Gudele, hapa Juba, ulipogawanywa ploti, uwanja huu uliachwa wazi kwa makusudi. Watoto wacheze, watu wapumue. Nikamweleza karani. Akacheka kwa upole. "Ya ustaz, pale pako fadi." Ustaz ni mimi, mwalimu. Fadi, yaani patupu, hapana mtu. Mkubwa mmoja wa jeshi kule Bilpam, makao yao makuu, amepaomba, ajenge maduka na kituo cha mafuta. Kikao cha kusikiliza pande zote ni tarehe kumi mwezi ujao. Tulete sababu.

Nimerudi na hasira mpaka masikio yanauma. Upande wetu wote huu hakuna mahali pengine mtoto anapoweza kukimbia bila kugonga ukuta wa mtu.

Ijumaa, 13 Februari
Kamati imezaliwa. Sultani Wani, kiongozi wetu wa mtaa. Nalongo, Mganda anayeuza chai na chapati ukingoni mwa uwanja. Na mimi, mwalimu wa jiografia, kwa hiyo eti mtaalamu. Nimependekeza tuzungushe ua wa mianzi. Mahali penye ua si patupu. Sultani akakuna kichwa. Nalongo akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wa benchi la nyuma. Nikahesabu kimya chao kuwa makofi.

Jumamosi, 21 Februari
Ua umesimama. Mzuri! Tumefanya kazi tangu asubuhi, mimi zaidi kwa mdomo. Bango nimeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: HAPANA KUINGIA BILA RUHUSA. Nimeuzunguka mara kadhaa, mikono nyuma, kama bwana harusi.

Jumapili, 22 Februari
Balaa. Nimetoka kanisani, akina mama wakanizingira. "Ustaz, hata wewe? Miaka yote hii unakunywa chai yetu, kumbe unapima?" Nimesahau jambo ambalo kila mtu wa Juba analijua. Hapa anayezungusha ua ndiye anayenyakua. Kwanza mianzi, kisha mabati, kisha mwanajeshi kwenye kiti cha plastiki. Nimenyakua uwanja kwa mikono yangu miwili, tena na bango juu.

Nalongo alicheka mpaka chapati ikaungua. "Ustaz, wewe iko mwizi mzuri sana! Hata ule mkubwa ya Bilpam iko nyuma yako." Poni naye: "Ningekuwa sikujui, ningekushtaki. Nakujua, na bado nafikiria."

Jumanne, 24 Februari
Kumbe juzi ilikuwa afadhali. Leo dereva wa mkubwa amekuja na salamu. Bosi wake anashukuru kwa ua. Tumempunguzia gharama.

Tumeubomoa mchana huohuo, mtaa mzima. Nilibeba mianzi mingi kuliko wote. Mgongo umekwisha. Jioni kila jiko lilikuwa linawaka kwa mianzi yangu. Sina wazo lingine. Tutaupoteza uwanja, na mimi ndiye niliyeanza kuwajengea. Aibu.

Jumatano, 4 Machi
Emmanuel ameuawa. Mtoto wa Mama Keji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Vitani, huko kaskazini. Mwili hautaletwa. Nilimfundisha miaka miwili. Ramani zilimshinda kabisa. Alichora Nile ikipanda mlima. Nilimcheka. Alicheka pia.

Kwa Mama Keji mikeka mitatu tu imejaza ua wa nyumba. Bika, matanga yetu, ni ya siku nyingi na watu wote lazima wapate pa kukaa. Ameomba uwanja. Nani angekataa? Turubai zimefungwa kabla ya jua kuzama.

Ijumaa, 6 Machi
Hawakungoja kikao. Leo lori limekuja na mawe ya msingi, na wanajeshi wamekaa juu yake. Wakatukuta. Gudele nzima, uwanja umejaa pembe hadi pembe, mikeka, sufuria, nyimbo za kanisa. Huku mtu hapiti kando ya bika kama anapita sokoni. Anasimama, anasalimia, anakaa.

Luteni wao alishuka na makaratasi mkononi. Mama Keji akadhani amekuja kutoa pole. Akasogea, akampisha kwenye mkeka wake. "Karibu, mwanangu." Luteni akakunja makaratasi, akayatia mfukoni. Kisha akavua bereti. Akakaa. Askari wake wakashuka, wakakaa. Nalongo akawapa chai. Mimi nilishika birika. Nikammwagia mtu chai magotini. Jua liliposhuka waliondoka na mawe yao.

Jumanne, 10 Machi
TUMESHINDA! Tumeshinda, tumeshinda. Uwanja ni wa wote. Umeandikwa, umepigwa muhuri, hakuna kujenga. Sultani Wani amecheza mbele ya ofisi, kwa magoti yake yale! Boda boda zilipiga honi mpaka Gudele. Vigelegele njia nzima. Vigingi vyekundu tumeving'oa vyote. Nalongo amegawa chapati bure, naye hampi kitu bure hata mumewe. Nimebebwa juu juu. Walionibeba wamelalamika.

Jumapili, 15 Machi
Kanisani leo mchungaji amenisimamisha. "Ustaz, mtetezi wa Gudele." Makofi. Nikayapokea, nikainama kidogo kama mbunge. Humu daftarini hakuna wa kunipigia makofi, basi niandike ilivyokuwa.

Nilisimama kikaoni na hotuba ya kurasa kadhaa. Nikataja jina langu, mtaa wangu, umuhimu wa hewa safi. Mwenyekiti akauliza: "Na ule ua ulikuwa wa nani?" Nikasema wangu. Ukumbi ukacheka. Hotuba ikaishia hapo.

Mama Keji akasimama bila kuitwa, na nguo zake nyeusi. Akasema kwa Kiarabu chetu cha Juba, taratibu. Kwamba mwanawe hana kaburi. Kwamba alimlilia pale. "Mkijenga maduka, niende kumlilia dukani?" Akakaa.

Mwenyekiti akamgeukia luteni, aliyetumwa kumsemea mkubwa wake. Ni yuleyule. Akaiangalia bereti yake. "Sina la kusema, mwenyekiti. Na mimi nilikaa pale."

Basi. Ndivyo tulivyoshinda.

Siku ile ya ushindi, waliponishusha, Mama Keji aliniomba nimsindikize uwanjani. Wengine walikuwa bado wanacheza barabarani. Tukaketi kwenye nyasi. Watoto walikuwa katikati ya mechi yao. Mpira ukamjia miguuni, akaurudisha kwa mkono. Tulikaa hivyo mpaka Poni akaja kutuita chakula.