Mwalimu, Nukta Zetu Zimenyooka

Mwalimu Consolate,

Bahati imeniangukia mimi, Patron wako! Tangu tukuzike, wiki sita sasa, hakuna nukta hata moja iliyotoka nje ya mistari yako pale ubaoni. Zimejipanga kama askari wa gwaride. Mi niliyekula mikate ya Wagiriki kule Lubumbashi, niliyeuza maandazi Kigoma, Mbeya na Tunduma, sijawahi kuona tanuri lenye adabu namna hii. Hata wewe na diploma yako ya Burundi hukuwahi kupata nukta nyoofu kama hizi.

Na sifa zimefika mbali. Juzi nilivaa koti langu la kwendea harusi za watu, nikabeba mikate mitatu mpaka Lilongwe, lile duka la City Centre tulilokuwa tunaliota. Bibi msimamizi aliminya mkate, akanusa, akasema, "Haya." Nikamwonyesha picha ya ubao kwenye simu. Akaniambia wengine wote wanamletea maneno, mimi nimemletea ushahidi. "Zikomo kwambiri, madala," yaani asante sana, mzee. Ijumaa anakuja hapa kambini Dzaleka kuuona ubao kwa macho yake. Akiridhika atachukua mikate kila asubuhi, na wale bamama sita wa tanuri watakuwa na kazi ya kila siku, si hii ya kungoja mtu aoe au afe ndipo mikate iagizwe.

Akaniuliza nafanya kazi na nani. Nikasema na mwalimu wangu, amebaki kambini. Si uongo. Umebaki.

Unakumbuka nilivyokuwa kabla yako? Mkate ukitoka bapa leo, kesho naongeza hamira. Ukivimba kupita kiasi, keshokutwa naipunguza na kugombeza mtu. Kila siku dawa mpya, na kila siku mkate unanicheka. Wewe ulikuja kununua tu, ukasimama kuniangalia, ukasema, "Patron, weye mwenyewe unapiga ngoma, halafu unashangaa mbona batu banacheza." Nikakuuliza kama unanitukana. Ukasema ndiyo.

Kesho yake ukaja na kijiti ulichokitia alama kwa kisu. Kila asubuhi tuchukue mikate mitano, tuipange kwa kimo kama batoto wa shule mstarini, tumpime yule wa katikati. Hakuna kujumlisha, hakuna kugawa. Mi niliyeacha shule darasa la nne (watu nawaambia la sita) nilielewa kabla chai haijapoa. Nukta moja ya mkaa ubaoni kila siku. Mwezi ulipoisha ukachora mstari wa katikati, na mingine miwili ya mpaka, juu na chini, pale mkate wetu unapotembea wenyewe bila kusukumwa. "Nukta ikiwa ndani, kunywa chai yako, usiguse kitu. Mukate moja haina kesi. Ikitoka nje, ao saba zikifuatana upande moja, hapo njo tunauliza."

Na ile sheria iliyonikera: anayepima asichore. Mimi niite alama, wewe uchore. Nikasema, huniamini? Ukajibu, "Hata miye sijiamini. Mukono unapenda kufurahisha macho."

Mikate ilipoanza kushuka, mi nilikuwa nimeshamhukumu Mama Furaha, mkandaji wetu. Mikono imezeeka, haikandi tena, nikaanza kutafuta wa kumrithi. Ukanivuta shati mpaka ubaoni. Nukta saba chini ya mstari wa katikati, na ya kwanza ilikuwa ya asubuhi ile tuliyofungua kopo jipya la hamira. Tukaenda Mponela kwa muuzaji, tukakuta makopo yake yote yanaota jua dirishani. Tukanunua kwingine, mkate ukapanda. Mama Furaha mpaka leo hajui kwamba alikuwa ameshafika mlangoni.

Sasa, Mwalimu... Asubuhi ya kwanza baada ya matanga nilipanga mikate mitano. Nikamtoa wa katikati, nikasimamisha kijiti, nikaita, "Tisa!" Nikangoja. Kipande chako cha mkaa kilikuwa juu ya tofali, kimefungwa kile kitambaa chako cha kujikinga vidole. Bamama wakageuka kunitazama. Nikaigeuza wimbo, tisa, tisa, tisa, nikacheza kidogo. Wakacheka. Mi njo mtu wa kuchekesha, si unajua? Kisha wakaondoka na mikate, nikabaki na kijiti mkononi.

Najua ungesema nini kuhusu ubao wa sasa. Ulikuwa unasema mkate wa kweli hutembea kama mlevi anayeijua nyumba yake, huku na huku, lakini hapotei. Ukimwona anatembea kama askari, uliza nani amemshika mkono.

Leo ni Jumanne. Nakuahidi kesho asubuhi nitaufuta ubao, nibakize mistari yako tu. Nitapima, nitaita, na Mama Furaha atachora. Jina lake hajui kuliandika, lakini nukta haihitaji shule. Ningemwomba tangu zamani, ila sikutaka mkono mwingine ufungue kile kitambaa. Ijumaa bibi wa duka atakuta nukta mbili tatu zinayumba, nami nitamweleza kwa nini. Labda atageuza gari arudi zake mjini, na bamama watanila mzima mzima na koti langu. Wana haki.

Lala salama, Mwalimu wangu. Ukisikia naita asubuhi, usihangaike kuamka, yupo wa kuchora.

Ile bahati niliyokutambia mwanzo ni uongo. Tangu ile tisa sijapima mkate hata mmoja. Nukta zote hizo nimezichora mwenyewe, kabla tanuri halijawashwa.