Tuta la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mazoezi ya kufundisha yameanza. Shule hii tumepangiwa wawili, mimi na Meneja. Si meneja wa chochote. Chuoni tulimwita hivyo kwa sababu hata tukichimba shimo la mboji yeye husimama pembeni kusimamia. Sote tunafundisha Kilimo: yeye Kidato cha Tatu, mimi cha Pili.

Kilimo sikukichagua. Niliomba Kemia, nafasi zikajaa, nikaangukia huku. Sina kinyongo, nataka kumaliza tu. Mkufunzi wa chuo atakuja mara moja tu kunikagua. Asiporidhika, mazoezi yote narudia mwakani. Basi.

Leo nimeingia darasani, nikajitambulisha, nikasema haya, tutoke twende shambani. Hakuna aliyeinuka. Halafu binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: samahani mwalimu, tumekosa nini?

Nikadhani ananitania. Wapi! Hapa jembe ni adhabu. Umechelewa — shamba. Umepiga kelele — shamba. Shati liko nje — shamba. Walitoka wakiburuta miguu kama wanapelekwa mahakamani, na yule binti mbele akiendelea kuwatetea wenzake. Nimeshampa jina: Wakili.

Kengele ilipolia walitupa majembe palepale, wakatimka. Mpini mmoja ukaniangukia kwenye kidole cha mguu. Karibu kazini.


Alhamisi, 7 Machi

Tumeandaa matuta mawili ya mahindi. Mbegu ile ile, samadi ile ile, yote tumepanda leo. La kulia tutalipalilia. La kushoto halitaguswa mpaka mwisho, magugu yaote yanavyotaka, ili waone kwa macho yao yanaufanyia nini mmea. Ndilo somo nitakalokaguliwa nalo. Andalio limeshakwenda chuoni.

Wakili hakukubali. Eti la kushoto nalo limekosa nini mpaka liadhibiwe? Darasa zima likacheka. Mimi pia, nikajifanya nakohoa.

Meneja amepita, mikono mfukoni. Amenipongeza kwa kufuga magugu.


Jumapili, 17 Machi

Baba amepiga simu. Kaulizia ofisi yangu ikoje. Nikamwambia kwa sasa ofisi ni shamba. Akasema mwanangu, mimi nilikusomesha utoke huko. Nikamwambia huku najifunza kufundisha, si kulima. Akauliza tofauti iko wapi.

Tukaongelea mvua.


Alhamisi, 28 Machi

Tofauti imeanza kuonekana. Kulia mahindi yana kijani kizito. Kushoto ni membamba, ya njano, yamebanwa na magugu ya ndago na kishona nguo. Wamepima urefu kwa rula. Wawili wamegombana kama mtu aanzie ardhini au kwenye jani la kwanza. Ugomvi mzuri, sijaukatiza.

Lakini kengele ikilia, ni yale yale. Rula chini, mbio. Sijui kwa nini inaniudhi. Mimi mwenyewe si nahesabu siku za kuondoka?


Jumatatu, 8 Aprili

Mkufunzi anakuja Alhamisi! Chuoni tunamwita Udongo. Haamini kitu mpaka akichimbue kwa vidole. Muhula uliopita, hukohuko chuoni, alimpa Meneja mtihani wa vitendo wa mboji; Meneja akasema jamaa alinusa mboji yote kabla ya kumsalimia.

Sina wasiwasi. Tuta la kushoto linatisha kweli kweli. Ni pori. Nimelitazama leo kwa fahari, mtu angedhani nimejenga nyumba.


Jumanne, 9 Aprili

Limepaliliwa.

Limepaliliwa lote! Safi! Limefagiliwa mpaka kingo. Nimefika asubuhi nikakuta wanafunzi waliochelewa wanakung'uta majembe, na mwalimu wa nidhamu amesimama juu yao, ameridhika. Ni mzee mpole, adhabu zake huzitoa kwa sauti ya kubembeleza. Akaniambia kasikia mgeni wa chuo anakuja, akaona upande mmoja umenishinda. Nimekufichia aibu, binti yangu, akasema.

Nilitaka kulia. Nikasema ahsante sana mwalimu, Mungu akubariki.

Magugu yenyewe yameshachomwa. Hata ushahidi hakuna.


Jumatano, 10 Aprili

Wazo ni la Meneja, lakini mikono ni yangu, nisimsingizie. Kasema nyuma ya vyoo magugu yako tele, tuyahamishe. Nikacheka. Kisha nikaenda kuchukua jembe.

Saa za michezo, wanafunzi wako uwanjani, sisi tunapanda magugu. Nimesoma Kilimo chuo kizima, nimefundishwa namna zote za kuyaua. Leo nimeyachimbia mashimo, nimeyashindilia udongo na kuyamwagilia. Nimeyabembeleza yasinyauke! Meneja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ametoka jasho.

Nilipoinuka, Wakili alikuwa amesimama kwenye njia. Akatazama tuta, akanitazama mimi, akauliza haya nayo yanapandwa? Nikamjibu ni sehemu ya jaribio. Hakubisha. Yule, hakubisha! Akachukua ndoo, akanisaidia kumwagilia taratibu, shina kwa shina, kama nilivyomfundisha kwenye miche ya nyanya.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Kabla ya hapo niliona kichekesho tu.


Alhamisi, 11 Aprili

Naandika ofisi ya walimu, dirishani. Nimetolewa nje ya somo langu mwenyewe.

Udongo alifika mapema. Hakutaka hata chai. Nikafundisha sehemu ya darasani, ikaenda vizuri. Tukatoka, Meneja naye akatufuata nyuma. Tuta la kulia akalisifu. La kushoto alilitazama kwa muda. Ndago zimesimama wima. Kishona nguo kimelala chote, majani yamelegea kama nguo iliyoanikwa. Akachuchumaa, akashika shina moja, akalivuta kwa vidole viwili tu. Likaja na donge lake la udongo, la umbo la jembe letu.

Akauliza magugu haya nimeyaacha tangu lini.

Jibu nilikuwa nalo. Nimelikariri usiku: tangu kupanda. Wakili alikuwa mbele yangu, daftari kifuani. Hakuwa anamtazama Udongo. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema tumeyapanda jana. Nikaeleza yote, palizi, vyoo, ndoo. Jina la Meneja nikaliacha. Meneja akajitaja mwenyewe kutoka nyuma, kwa sauti ndogo. Sikutegemea.

Udongo hakukasirika, afadhali angekasirika. Akayashika majani ya njano ya mahindi, akauliza: na haya mahindi? Yamekonda mwezi mzima, binti, kila kitu yameshakisema. Magugu ya jana uliyahitajia nini?

Akaniambia niende ofisini, nimwachie wanafunzi.

Basi niko hapa. Mwalimu wa nidhamu ameniletea chai, ananiuliza kama mgeni amependa usafi. Nimemwambia bado anaangalia.

Hapa dirishani sisikii neno. Naona tu. Udongo ameuliza kitu, anaonyesha ndago iliyosimama, kisha kishona nguo kilicholala. Mikono imenyooshwa. Wakili ndiye ameshaingia kwenye tuta, si ajabu. Amechimba ndago kwa vidole, ameinua juu. Anaonyesha vile vinundu vya chini, vinavyoifanya isife hata ukiihamisha. Hilo sikuwafundisha! Amejuaje? Ameliona jana, alipokuwa anamwagilia, maji yakafunua mizizi. Sasa wanachimba wote. Viatu vimejaa tope. Wawili wanagombana. Udongo naye amepiga magoti, ananusa kitu.

Karatasi ya alama iko mfukoni mwake, imekunjwa. Hajaiandika. Namwona anaigusa, anaiacha.

Kengele imelia.

Kidato cha Kwanza wametoka mbio. Cha Tatu wametoka. Mwalimu wa nidhamu amekuja dirishani, kikombe mkononi, ananiuliza wale watoto pale kwenye tuta wamekosa nini, mbona hawaondoki?