Kangeta ya Takataka

Jumatatu, 3 Februari

Mwaka wa arobaini na mmoja tangu nitoke Mbeere. Nauhesabu kila Februari, kwa kuwa ilikuwa Februari wapimaji walipokikita kigingi cha kwanza katika shamba la mama la ndengu. Uhamisho wa muda, walisema, kwa ajili ya mradi wa maji. Maji hayakuja na muda haukuisha.

Asubuhi nimekagua tena njia ya kupandia pale kwenye kituo cha taka tunachojenga. Mkokoteni uliojaa unapanda bila punda kupiga magoti. Injinia Makena wa kaunti alitaka mwinuko uwe mkali zaidi ili aokoe zege. Nilimwambia aje auvute mkokoteni yeye mwenyewe. Alicheka, akairefusha njia.

Kituo chenyewe ni kitu rahisi. Mikokoteni na tuktuk zitapanda juu na kumwaga taka ndani ya kontena lililo chini. Lori litabeba kontena hadi jaa kuu la kaunti. Vinavyooza vitatengwa viwe mbolea. Basi. Hadi sasa soko zima la Mikinduri linamwaga kijitoni: maganda, chupa, majani ya ndizi yaliyofungia miraa. Kijito hicho hicho ndicho tunachokunywa.

Kamati ya kituo ilinifanya mwenyekiti kwa sababu sina ukoo hapa. Kila upande ulimkataa mtu wa upande mwingine, akabaki mgeni. Sikuudhika. Ugeni umefaa kitu hatimaye.

Alhamisi, 6 Februari

Dada yangu Muthoni amepiga simu kutoka Mbeere. Ardhi ya mama inarudishwa. Fungu langu litawekwa hadi Pasaka. Alilia, nami nikalia.

Nimemwambia nitajibu kituo kikishafunguliwa. Baada ya simu nilikaa barazani muda mrefu. Kwanza furaha, kisha hofu. Sijui kwa nini hofu.

Jumamosi, 15 Februari

Kibao kimefika kutoka ofisi ya kaunti. KITUO CHA UHAMISHO, kwa herufi nene. Chini yake, kwa herufi za kusomwa kwa miwani: wa taka.

Makena aliniuliza kama Kiswahili ni sahihi. Nilifundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nikasema ni sahihi. Kikapigiliwa misumari.

Jumatano, 19 Februari

Mawe barabarani. Mafundi wamerudishwa.

Habari imepita soko zima tangu jana: serikali imejenga kituo cha kuhamishia watu. Zege lile lote ni la nini? Na kontena si ndilo la kubebea vyombo vyetu? Nilipofika wakanizunguka. Mama Kendi, auzaye miraa langoni mwa soko, ambaye ulimi wake hauhitaji kunolewa, alisema kwa sauti ya kusikika hadi kanisani:

"Mwalimu, wewe walikuhamisha. Sasa wamekutuma utuhamishe sisi?"

Nilikikagulia kibao sarufi tu. Katika watu wote, mimi ndiye niliyepaswa kulisikia neno lile lilivyo.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi nyingi.

Makena amenieleza bila kuficha. Wananchi wasipokubali kufikia mwisho wa mwezi, kontena linapelekwa mji mwingine. Zege litabaki hapa kama kaburi la wazo zuri. Na kijito kitabaki vilevile.

Nina hasira. Nimewaza Mbeere siku nzima: mbuzi, vumbi jekundu, watu wanaotamka jina langu sawasawa. Kituo kikifa naondoka. Hapatakuwa na la kunishika isipokuwa kaburi la mke wangu.

Jumanne, 25 Februari

Kangeta. Nilikwenda kumwona fundi wa vibao anibadilishie maandishi, ingawa sikujua niyabadilishe yawe nini. Hakuwepo. Nikasubiri kando ya soko la miraa la mji ule.

Nimepita pale mara nyingi bila kutazama. Pikipiki zinaingia na vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa majani ya ndizi. Mikono inachagua, inafunga upya. Pikapu zinanguruma, dereva mguu mmoja nje. Mizigo midogo inaingia, mikubwa inatoka. Hakuna anayeketi. Miraa ikilala Kangeta hukauka, ni kuni.

Nilisimama katikati ya njia kama mtu aliyepigwa radi. Dereva akapiga honi, akaniita babu kiziwi. Nikamshukuru.

Ijumaa, 28 Februari

Baraza la chifu. Watu walijaa hadi ukutani.

Sikuleta ramani. Niliwauliza: Kangeta ni mahali pa kulimia miraa? Hapana, wakasema. Ni mahali pa kuilia? Wakacheka. Ni mahali pa kuihifadhi? Mzee mmoja akatema mate kwa wazo hilo. Basi, nikasema, tulichojenga pale ni Kangeta ya takataka. Zinaingia kidogokidogo, zinatoka kwa mkupuo. Hakuna mtu anayehamishwa. Mzigo ndio unaopita. Nami nikaomba radhi kwa lile neno. Niliwaambia lilivyonifikia mimi mara ya kwanza, shambani kwa mama.

Kijana mmoja akauliza tangu lini mtu wa muguka akawafundisha Wameru mambo ya miraa. Mbeere tunatafuna majani ya muguka, wao vijiti vya miraa. Ubishi huo ni wa zamani kuliko mimi. Watu wakaangua kicheko. Nilicheka pia. Palipo na kicheko haparushwi jiwe.

Ndipo Mama Kendi akasimama.

"Kangeta mzigo haulali. Na huu wako ukilala?"

"Ukilala hata usiku mmoja, fungeni lango. Mimi nitarudi Mbeere."

Akanitazama kama anayepima kifurushi mkononi.

"Tumesikia. Haulali."

Mawe waliyaondoa wenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Kibao kipya kimewekwa. KANGETA YA TAKATAKA. Chini yake: MZIGO HAULALI. Makena anasema ofisini wamekasirika, kwamba hilo si jina rasmi. Nikamwambia jina rasmi lilizaa mawe.

Sarufi haina dosari. Safari hii nimekagua na mengine.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya ufunguzi.

Tangu asubuhi mikokoteni ilipanda kama nilivyoiota. Punda wa kwanza alifika juu, akatazama chini ndani ya kontena, akaharisha. Watu walipiga makofi, wakasema kituo kimebarikiwa. Maganda ya ndizi upande huu, plastiki upande ule. Kufikia alasiri kontena lilijaa.

Mvua ikaanza. Mvua ya kweli, ile ya Aprili.

Lori halikuja. Dereva akapiga simu: amezama katika tope la mteremko kabla ya kijito. Magurudumu yanazunguka tu. Alipendekeza kusubiri asubuhi. Jua lilikuwa limeinama, na uani watu walisimama chini ya miavuli na majani ya migomba wakinitazama. Yule kijana wa barazani akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi: "Mwalimu, anza kufunga virago."

Mama Kendi alitoa simu kifuani, akaongea Kimeru upesi mno hata mimi, baada ya miaka yote hii, niliambulia neno moja tu: mzigo.

Pikapu za miraa zikaja. Tatu. Madereva hawa hushindana na jua kila siku ya maisha yao, na tope la barabara hizi wanalifahamu kama vitanda vyao. Walifunga minyororo. Walitandika majani ya migomba na vijiti vya miraa chini ya magurudumu. Wanawake wa soko wakasukuma nyuma, na mimi kati yao, kiatu kimoja kimebaki topeni hadi sasa. Lori likalia kama fahali, likatoka.

Kontena liliondoka Mikinduri kabla jua halijazama. Nililiona kwa macho yangu likipinda kona. Mama Kendi alikuwa ametapakaa tope hadi nyusi.

"Haukulala," alisema.

Kisha akaniita kwa jina ambalo hakuna aliyewahi kuniita hapa. Mwalimu wetu.

Tumeshinda. Nimeandika neno hilo nikalitazama. Tumeshinda.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwili wote unauma. Kiatu kimepatikana. Mtu amekiosha, akakiacha mlangoni bila kubisha.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mvua imepumzika.

Nimeshuka kijitoni. Maji yana rangi ya udongo tu, ambayo ni haki yake msimu huu. Majani ya ndizi machache yamekwama kwenye mizizi, ya zamani. Niliyatoa kwa fimbo. Juu ya ukingo nimepalilia kaburi la mke wangu. Kutoka pale unasikia mikokoteni ikipanda kituoni, na lori likirudi nyuma taratibu.

Nimempigia Muthoni. Nimemwambia fungu langu wapewe wanawe, wapande ndengu pale pale kigingi kilipokitwa. Aliniuliza nitazikwa wapi. Nikamwambia.

Hakubishana. Tuliongea kuhusu mvua, na mbuzi wake aliyezaa mapacha.

Kesho siku ya soko. Niende mapema niangalie mtaro wa kituoni.

Sitarudi Mbeere.